Shikamoo ya Printa

Fundi huyu huamkia mashine kabla ya watu. Vidole vyake vinene havitulii. Akifikiri, vinapiga ngoma mezani. Ruta inayounganisha kompyuta na printa kwenye steshenari ya Yusrah, pale Magomeni mjini Kilosa, aliiunda yeye kutoka kompyuta kuukuu, na ina ugonjwa mmoja: umeme ukikatika, ukirudi vifaa vyote vinapewa namba mpya, basi kompyuta inaitafuta printa kwenye namba ya jana na haiioni. Leo anavipa namba za kudumu, kwa kufuata umri.

"Shikamoo bibi," anaiambia printa, kongwe kuliko vyote, na kuiandikia namba ya mbele. Simu yake mwenyewe, mpya kuliko vyote, anaipa namba ya mkiani. Yusrah anasonya. Kadi za harusi bado hazijachapwa, na mama wa mwali yuko kwenye benchi, anatafuna pindo la kanga. Mara fundi anazima swichi kubwa.

"We kichaa!" Yusrah anapiga kelele.

Anawasha tena, kujaribu kama namba zimedumu. Yusrah anasubiri taa za ruta, anabonyeza kitufe cha kuchapa. Printa inakohoa, inanguruma, inatema kadi. Mama anapiga vigelegele, fundi anaruka kama ndama: "Shikamoo bibi! Shikamoo!"

Yusrah, machozi ya kicheko yanamtiririka, anajikuta akiitikia kwa niaba ya printa: "Marahaba, mwanangu!"