Programu yangu ya chess ilimpa Papa Assani ushindi usio wake

Wakuu, salamu kutoka Kindu. Kisa hiki ni cha kweli, sijakitia chumvi, na kinaninyima raha hadi leo.

Wakati wa vita, baba yangu na jirani yetu Papa Assani walikuwa wanacheza chess ndani, maana nje hapakuwa na usalama. Siku moja risasi zikalia karibu, watu wakakimbia, mchezo ukakatika.

Papa Assani alikuwa amebaki na askofu na pioni moja ya pembeni, kile kipande kidogo kinachogeuka malkia kikifika mwisho wa ubao. Baba alikuwa na mfalme tu, kwenye kona ile pioni ilikokuwa inaelekea.

Papa Assani akadai ameshinda. Baba akadai ni sare. Kisha Papa Assani akasema baba alishukuru zile risasi kwa kumwokoa asishindwe, na hapo urafiki ukafa. Amani ilirudi, lakini wao hata msikitini walikuwa wanapishana tu.

Mwaka huu nikaandika programu yangu ya chess, kwa kujifundisha. Kwa kiherehere changu nikaiwekea ile nafasi. Ikajibu Papa Assani anashinda wazi.

Nikamwonyesha baba. Kesho yake akaenda kumwambia Papa Assani hivyo na kuomba msamaha. Wakuu, wazee walilia. Sasa wanakula pamoja karibu kila siku.

Halafu mfanyabiashara mmoja wa Goma akaniletea tablebase kwenye flash. Hii ni database ya endgame, yaani miisho ya mchezo yenye vipande vichache, zimeshapigiwa hesabu mpaka mwisho. Programu ikiwa kwenye search, yaani inapima hatua zijazo, ikifika nafasi kama hiyo haikisii tena, inauliza: ushindi au sare? Kumbe yangu ilikuwa inahesabu vipande tu, ikaona askofu na pioni ni mali nyingi.

Nikairudisha ile nafasi. Sare.

Yule askofu alikuwa anatembea rangi tofauti na ile kona, hawezi kumtoa mfalme pale. Baba alikuwa na haki miaka yote hiyo.

Nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga, mwishowe nikamwambia baba.

"Acha ivyo," akasema. "Assani abaki na ushindi yake. Miye niko na Assani."

Nikadhani yameisha. Juzi tukiwa mezani, Papa Assani akaniuliza, "Kijana, mashini ilisema miye njo nilishinda, si vile?"

Baba akaangalia sahani yake.

"Ndiyo, Papa," nikasema. 

Somo la programu ni rahisi: usihukumu endgame kabla ya kuuliza tablebase. Hili lingine limenishinda. Nyie mngemjibu nini? Fanyeni haraka wakuu, kesho anakuja tena kula.