Jambazi Aliyeniamkia

Filamu ile ya ujambazi ilipopata tuzo nje ya nchi, wahakiki waliandika mengi kuhusu neno moja nililolisema mimi. Kuna aliyeliita neno la kijasiri, kuna aliyeona humo jiji zima la Dar es Salaam. Mimi ni muuza khanga na vitenge Kariakoo, si mwigizaji, na neno lenyewe ni marahaba.

Ilikuwa hivi. Mwongozaji wa filamu ni binti wa mtaa wa pili, mteja wetu tangu enzi za kutumwa na mama yake. Alikuwa akitengeneza filamu kwa kuungaunga, kamera ya kuazima na waigizaji wa kujitolea, akawa anatafuta duka la kuvamiwa. Duka ni la Baba. Baba alikuwa Tanga harusini wiki nzima, na nilijua fika kwamba ningemuuliza angekataa. Basi sikumuuliza. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nikafanya utoto.

Kijana aliyecheza jambazi alikuwa amelelewa vizuri mno kwa kazi ile. Aliingia kofia imemfunika macho, akatoa bastola ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi, akanielekezea kifuani.

"Shikamoo, mama," akasema. "Tulia hivyo hivyo."

"Marahaba," nikamjibu, ndipo nikanyoosha mikono juu.

Duka zima likaangua kicheko. Kijana akaomba radhi, eti mdomo ulimtangulia. Tukarudia mara nne bila salamu, nami nikatetemeka kama nilivyoelekezwa. Mwongozaji alipokwenda kuunganisha picha zake, akazitupa zote nne, akabaki na ile ya kwanza. Tuzo ilipokuja alinipigia simu anisomee maneno ya wahakiki. Mmoja aliandika kwamba hapo ndipo uhalifu unapoupigia utu magoti.

"Mwanangu, mimi nilisalimiwa, nikaitikia," nikamwambia. "Ningefanyaje?"

Lakini nisiwe mwongo, nilifurahi. Nilishinda siku nzima nimevimba kichwa.

Kesho yake furaha ikaingia mchanga. Kipande kile kilikuwa kimesambaa kwenye simu za watu, na mzee mmoja anayeswali na Baba alimfuata msikitini kumpa pole. "Pole sana, bwana, tumeona mlivyovamiwa. Alhamdulillahi binti yuko salama." Baba akawa wa mwisho mtaani kujua kilichotokea ndani ya duka lake.

Nilipomweleza kuwa ilikuwa filamu, hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alihamishia kiti chake mlangoni, akawa ananipa mgongo. Nikimwamkia anaitikia, basi, haongezi neno. Miaka ishirini tulikuwa tumekaa pamoja dukani, mteja akigeuka tu tunamjadili, na sasa nilikuwa nasikiliza feni. Ikapita wiki, zikapita tatu. Tuzo niliiona haina ladha. Nilitaka kitu kimoja tu, Baba azungumze nami.

Mwongozaji alipoandaa onyesho la hapa mjini, Jumamosi alasiri, nilimwambia Baba bila matumaini yoyote. Siku yenyewe nikamkuta amevaa kanzu na koti, ananingoja. Tukavuka viwanja vya Mnazi Mmoja kimya kimya, yeye mbele, mimi nyuma.

Ukumbini, nilipoitikia marahaba, watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Baba hakucheka. Nilimwibia jicho, nikaona ameinamia fimbo yake, nikajua nimeharibu zaidi.

Tulipokuwa tunarudi, alikaa kwenye benchi pale Mnazi Mmoja, akaniambia nami nikae.

"Unakumbuka ulipokuwa darasa la tano, nikafunga duka siku tatu nikasema nina homa?"

Nilikumbuka. Mama alimpikia uji wa pilipili manga siku zote tatu.

"Sikuwa na homa. Nilivamiwa. Kijana kama huyu wenu, ila yule alikuwa na panga la kweli. Akaniamkia kwanza. Nami nikaitikia, mwanangu. Nikamwambia, 'Marahaba, karibu.'"

"Karibu?"

"Nikamkaribisha mwizi! Hata mama yako niliona haya kumwambia. Niliposikia mmeigiza uvamizi dukani, na salamu juu, nikadhani kuna mtu amekusimulia. Nikadhani umenianika." Akafuta uso kwa kiganja. "Leo watu wamecheka, na wala hawakumcheka mtu. Miaka yote hii nilijua mjinga wa namna ile ni mimi peke yangu."

Nikasema lililonijia.

"Mimi angalau sikumkaribisha, Baba."

Akanitazama, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika ubavu, wapita njia wakageuka kututazama. Mimi nilikuwa nalia.