Mgeni wa Ukutani

Nyumba yetu ya mtaa wa Jericho ilijengwa na watu waliojua kupumua. Juu ya kila dirisha waliacha matundu ya hewa, na sisi wapangaji, kizazi baada ya kizazi, tukayaziba kwa magazeti, kwa soksi zilizopoteza wenzake, kwa shuka kuukuu. Baridi ya Julai ya Nairobi haina huruma, na vumbi la barabarani halipigi hodi. Basi mama akawa anapikia ndani, jiko la makaa miguuni pake, hadi kifua chake kikaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta.

Ndipo watafiti wa chuo kikuu wakaja mtaani kupima hewa tunayovuta. Nyumba zitakazopatikana na hewa chafu kuliko nyingine zingewekewa bomba la kutolea moshi paani, linaloendeshwa na upepo na joto la chumba tu, bila umeme. Nililitaka bomba lile, kwa ajili ya kifua cha mama, kuliko nilivyowahi kutaka kitabu changu kichapishwe.

Kijana wao alipigilia msumari sebuleni, akatundika kijisanduku cheupe chenye taa ya kijani.

"Ishini tu kama kawaida, mama. Nitakirudia mwisho wa wiki."

Lakini mama hajawahi kuishi kama kawaida mbele ya mgeni. Kijana alipotoka tu, alipanda kwenye stuli akang'oa matambara yote. Akafungua madirisha. Akatoa jiko nje, akawa anapikia uani amejifunga leso mbili, baridi ikimkata.

"Mama, rudisha jiko ndani. Wanataka kuona moshi wetu."

"Nimpulizie mgeni wa watu moshi usoni? Nilikulea hivyo?"

"Si mgeni. Ni mashine."

"Imeletwa na mtu. Na huyo mtu ataenda kusoma uchafu wangu huko chuoni kwao."

Jirani yetu, anayekaanga mandazi ya kuuza huku amejifungia mlango, alipita akacheka. "Mama, mgeni wenu ameshakula? Wangu mimi namlisha moshi tu, atajijua!"

Kijana aliporudi, mama alimpa chai kwanza. Akanywa, akafungua kompyuta yake.

"Hongera, mama. Hewa yenu ndiyo safi kuliko zote kwenye laini hii ya nyumba."

"Si kweli," nikasema. "Alikuwa anapikia nje. Alikuwa anaficha—"

"Unataka kuniaibisha mbele ya watu?" Mama alinikata kwa jicho kabla ya maneno.

"Mashine haidanganyi, bro," kijana akasema, kwa upole unaouma.

Mama alicheka kwa fahari, kisha akakohoa mpaka akashikilia meza. Kijana alisubiri amalize. Akashukuru kwa chai, akaangua kisanduku chake, akaenda.

Bomba lilienda kwa jirani. Ningependa kusema simwonei wivu. Namwonea, hasa jua linapolipiga likang'aa juu ya mabati yaliyooza, kama jino la dhahabu kinywani mwa maskini.

Siku ileile mgeni alipoondoka, mama alirudisha jiko ndani na matambara matunduni. Dirisha moja tu aliliacha wazi, kwa sababu nilimsihi. Sasa alfajiri, jirani akianza kukaanga, moshi hupanda bombani na upepo huuleta moja kwa moja kwetu. Mama huamka akikohoa. Hulifunga dirisha, kisha huwasha jiko.