Wembe wa Kumtoa Baba Chumbani

Mimi sikuumbwa na subira. Mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono, na tangu hapo sijatulia. Kwa hiyo kijana akiniuliza leo anunue wembe gani wa kuanzia, ule wa kizamani unaokunjwa ndani ya mpini wake, huwa nacheka kwanza. Somo hilo nililipata kwa wiki moja tu, Babati, katika miaka ile ya dhiki, na sijawahi kuishi wiki ndefu kama ile.

Baba alikuwa amepigwa na kiharusi. Mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, mkono wa kulia ukalala. Mkono huo ndio uliomnyoa kila Jumamosi maisha yake yote, kwa nyembe ndogo za dukani, ili kesho yake aingie kanisani akiwa safi. Sasa mkono haufanyi kazi, na nyembe nazo hazipatikani. Sabuni hakuna, viberiti hakuna, sembuse nyembe. Kinyozi wa sokoni alikuwa amekusanywa pamoja na wengine walioitwa wazururaji, akarudishwa kwao kulima. Ndevu za baba zikaota, nyeupe na nzito, naye akajifungia chumbani, nyumbani kwetu Nangara.

Lingekuwa jambo dogo kama si dada yangu. Jumamosi ile wazee wa upande wa mchumba wake walikuwa waje kutoka Mutuka kumaliza mazungumzo, na baba alipaswa kukaa mbele yao na kumbariki binti yake. Kwetu mwanamume huacha ndevu akiwa na msiba. Kupokea wakwe na ndevu za matanga ni kukaribisha kifo kwenye harusi ya mwanao. Baba akasema hatoki. Mdogo wake akae kwenye kiti chake. Dada alikuwa anapepeta mahindi, akaendelea kupepeta hata makapi yalipokwisha.

Nilishindwa kumtazama. Nikashika njia ya mjini.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, na alimfahamu baba. Rafu zake zilikuwa na chumvi na makopo matupu. Nilipomweleza shida yangu alichungulia nje kwanza, maana siku hizo kuwa na kitu chumba cha nyuma kulitosha kukufanya mlanguzi. Kisha akaingia ndani, akarudi na kitambaa. Ndani yake mlikuwa na nyembe tatu za kukunja, mabaki ya biashara ya marehemu baba yake.

Hapo ndipo nilipokosea, na nadhani yeyote aliyeishi miaka ile angekosea vilevile. Tulikuwa tumesahau kuchagua. Ukiona foleni unaingia, unauliza baadaye inauza nini. Ukipewa unakamata, hata kama ni kandambili za mguu mmoja. Isitoshe, baba mwenyewe alinilea kwa methali kwamba mchagua jembe si mkulima. Nikadaka ule mkubwa kuliko zote, mpini mweupe, ubapa mpana unaong'aa, ncha yake imekatwa pembe kali. Mzee akaniambia nitazame na nyingine. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

"Mtoto akililia wembe, mpe," alisema nyuma yangu, wala hakucheka.

Kesho yake asubuhi nikaujaribu usoni pangu. Ulikuwa mzito, ukaniongoza badala ya mimi kuuongoza, na ile pembe ikanichoma chini ya sikio kabla sijajua nimeanza. Mama akaniuliza kama nanyoa au nachinja. Nikarudi dukani na kipande cha gazeti kimeganda shingoni. Mzee aliitikia shikamoo yangu, akazitoa nyingine mbili chini ya meza. Hakuwa hata amezirudisha ndani.

Safari hii alinikalisha. Nilitamani kumpokonya, lakini nikakaa. Akaulaza wa kwanza kwenye kioo cha kaunta: ukagusa wote, mgongo na ukali, bila kuyumba. Huo ungefaa, ila akanionyesha chembe ya kutu pale pale kwenye ukali. Kutu ya mgongoni ni uzee tu, alisema. Ya kwenye ukali itakula uso. Wa pili ulikuwa na mpini mweusi wa pembe ya ng'ombe, ubapa wa wastani, ncha ya mviringo. Akaufunga na kuufungua taratibu kuhakikisha ukali unaingia katikati ya mpini bila kugusa ubavu. Sikuupenda. Ulionekana wa kikongwe.

"Anayeanza achague wembe utakaomsamehe," akaniambia. "Huo mweupe hausamehi."

Niliuchukua ule mweusi. Nikafundishwa kuupitisha kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, kamwe si ukali; kulowesha ndevu kwa maji ya moto mpaka zilegee; kuvuta ngozi na kuulaza wembe karibu na shavu. Kila hatua ilikuwa ya kungoja, na kungoja kwangu ni adhabu. Mama alikuwa na kipande kimoja cha sabuni, akakataa nikijaribie, kwa hiyo nilijinyoa kwa maji na samli kidogo, nikinuka kama kibuyu cha maziwa. Lakini kila asubuhi nilikatika kidogo kuliko jana yake. Ijumaa sikukatika kabisa, nikazunguka uani nikishika mashavu yangu kama mwendawazimu.

Jumamosi niliingia kwa baba na beseni, kitambaa cha moto na ile sabuni. Alinitazama, akatazama wembe, akafumba macho. Sikuwahi kumgusa baba yangu usoni kabla ya siku ile. Nilianza upande wa kushoto. Alikunja uso wembe ulipokwaruza, akaguna, nami nikapunguza mkono. Nje nilisikia wanawake wakipanga viti. Nikahamia upande wa kulia, nikaharakisha.

Nikamkata. Damu ilishuka kutoka shavuni mpaka kwenye kola ya shati lake jeupe, na yeye amefumba macho, ametulia kama hajahisi kitu. Nilisimama na wembe hewani. Kila mtu aliyekuja kumwona alikuwa akisema anaendelea vizuri, nasi tulikuwa tukiitikia.

Alifumbua macho, labda kwa sababu mkono wangu ulikuwa umesimama.

"Umenikata?" aliuliza kwa ulimi wake mzito.

"Ndiyo, baba."

Alinyanyua mkono wa kushoto, akapapasa shavu, akatazama damu kwenye vidole vyake. Aliitazama kwa muda mrefu. Niliogopa, nikataka kumwita mama, nikataka kukimbia.

"Malizia," akasema. "Wageni wasikute sijavaa."

Nilimalizia polepole, polepole kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Tukambadilisha shati, akatoka akiniegemea, akakaa kwenye kiti chake mbele ya wazee wa Mutuka. Wakamsifu kwa afya yake. Maneno yalipokwisha, dada aliitwa, akapiga magoti upande wa kulia wa baba, kama inavyotakiwa. Baba mdogo akainama, akaushika ule mkono uliolala, akaunyanyua kuuweka kichwani pa binti. Baba akatikisa kichwa.

"Uache," akasema. Kisha akamgeukia dada, akainua mkono wa kushoto. "Njoo huku, mama. Huo hautajua kama nimekubariki."