Kidonge Nilichomgawia Mwanahawa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningelipa chochote niifute. Jana uliponiambia, "Bi Rehema, hebu nigawie na mimi hivyo vidonge vyako nipungue," wenzako walicheka, ukaona mimi sicheki ukadhani nimenuna. Sikununa. Kaa hapa nikueleze.

Nilikuwa na miaka thelathini, nasafisha vyumba kwenye hoteli moja huku Uarabuni, pale Al Sadd, tunalala wanawake sita chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Mwaka ule nilivimba. Uso umejaa, sauti imekwaruza, baridi ya kiyoyozi inanitetemesha wenzangu wakijipepea. Mudiri, msimamizi wetu, akaniita mvivu. Kumbe tezi ya shingo imelegea kazi! Daktari akanipa kidonge cha kila alfajiri, nimeze kwa maji matupu, chai ingoje kwanza, na nirudi kupimwa damu kila atakaponiita. Akaniambia wazi, "Dawa itaondoa kilo zilizoletwa na ugonjwa, na si nyingi. Zilizobaki ni sahani yako na miguu yako."

Nikamtii. Nikaacha sahani ya pili ya wali, nikaacha karaki, ile chai ya maziwa iliyojaa sukari, na jua lilipopoa nikawa narudi kwa miguu, basi la kampuni likinipita. Polepole, mwezi kwa mwezi, gauni likaanza kunipwaya.

Wenzangu wakauliza siri. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Kidonge tu." Habari ya kutembea na kulala na njaa niliionea haya. Nilipenda waone nimejaliwa.

Mwanahawa alilala kitanda cha jirani yangu, binti wa Pemba, mcheshi huyo, anakwenda likizo kuolewa. Chumbani kwetu kila kitu kilikuwa cha wote: sukari, mafuta ya nywele, udi, hata kandambili. Akanyoosha mkono, "Shoga, usiwe mchoyo." Ningemnyimaje? Nikawa nampa viwili kila asubuhi ili apungue upesi, vyangu nikavimeza siku moja moja. Daktari mimi!

Hazikupita wiki nyingi, moyo ukawa unamwenda mbio na mikono inamtetemeka, mpaka akaangusha trei ya glasi mbele ya wageni, naye chini. Walipokuja kumchukua nilimshika mkono nikamnong'oneza, "Usiseme nimekupa mimi. Watanirudisha nyumbani." Akaitikia kwa kichwa. Hospitali wakamuuliza anatumia dawa gani, akasema hatumii. Wakabaki kuutafuta ugonjwa wa moyo ambao hakuwa nao. Kampuni haikutaka mgonjwa, ikamkatia tiketi. Habari zikamtangulia Pemba, kwamba bibi harusi ana moyo mbovu, na watu wa mume wakavunja posa.

Bi Zainabu, mpishi wetu mtu mzima wa Mombasa, aliona vidonge vyangu vimekwisha kabla ya wakati wake, akaelewa. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Rehema, neno moja lingemwokoa mwenzio. Ulimwogopa mudiri kuliko Mola wako? Pigia simu wale wakwe leo, uwaambie kweli."

"Kesho, bibi," nikamjibu.

Ee mwanangu! Ngojangoja huumiza matumbo. Kesho ile ilizaa kesho nyingine, nikaja kumpigia simu Mwanahawa mwenyewe baada ya miaka tisa. Mimi nimeshaolewa, nina watoto wangu. Mwanahawa yuko kwa kaka yake, moyo wake mzima kabisa, ila hakuna aliyerudi kumposa. Nikamweleza yote na kumwomba radhi, akaipokea. Kisha akasema, "Nilikuwa nakungoja, Rehema. Mwaka wa kwanza nilikungoja kila siku."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Basi vidonge vyangu sikupi, na wala si uchoyo. Dawa ya mtu ni ya mwili wake. Kama na wewe unachoka na kuvimba, twende ukapimwe, nitakusindikiza mwenyewe. Ukionekana una tezi, meza kama ulivyoelekezwa, na kilo zikigoma kushuka mrudie daktari, usijiongezee hata nusu. Kama huna, kunywa karaki isiyo na sukari, tutembee wote jioni, tutasemezana njiani. Mtu akikuuliza umepunguaje, mwambie ukweli hata kama hauna sifa. Na siku utakayomkosea mwenzio, maana utamkosea, sema siku hiyohiyo, angali kitandani, daktari angali anauliza. Radhi niliyoiomba mimi ilipokelewa, lakini haikumsaidia kitu aliyeipokea.

Mungu akupe afya, mwanangu, akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akujalie rafiki asiyelazimika kukungoja.