Namba ya Siri ya Mama Mkwe

...na mpaka leo mume wangu hajui, Admin. Ficha jina langu tafadhali, hapa Voi tunajuana.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, nimemaliza kidato cha nne, na nimeolewa juzi tu. Jamani, nimepata mume! Akinipigia pasi nguo huwa anaimba. Mama yake anaishi Rukanga, na wiki ile ya harusi alinishika mkono akaninong'oneza namba ya siri ya simu yake, ile ya kutolea pesa. Akasema, "Binti zangu wa kuzaa sijawahi kuwapa. Wewe ukae nayo, mimi husahau." Nililia kwa furaha. Tangu hapo, kila nikienda kwake, mimi ndiye ninayemfungulia simu, ninayemtolea, ninayemtumia.

Sasa kampuni moja ya mikopo hapa mjini ikatafuta mtu wa kusaidia wateja simu na akaunti zikiwasumbua. Mume wangu akasema, "Hiyo ni kazi yako, malkia. Mama umemsaidia mpaka amezoea."

Kwenye mahojiano, mama mmoja wa makamo kati ya walionihoji akajifanya mteja. "Mwanangu, simu imenikatalia, pesa zangu sizioni."

Nikamjibu kwa upole wangu wote, "Usijali, Mama. Nitajie namba yako ya siri nikuangalizie."

Kijana aliyekuwa akiandika majibu yangu akaweka kalamu chini.

"Na ukishaijua?" yule mama akauliza.

"Nitakuwekea, ukisahau tena usihangaike." Na nikatabasamu!

Akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniua. "Mwanangu, hivyo ndivyo wezi wa simu wanavyouliza. Mteja hata akitaka kukutajia, unamzuia. Kuna mtu unayemwekea?"

"Mama mkwe tu."

"Mwambie aibadilishe, na hiyo mpya asikwambie. Kwa kazi hii, hatutaweza kukuchukua."

Nikatoka uso unawaka. Nje mume wangu alikuwa amesimama na soda baridi na mandazi, shati jipya, anacheka kabla hata sijafika. Nilishindwa. Nikasema, "Wamenichukua, naanza mwezi ujao." Akaninyanyua pale pale barabarani! Akampigia mama yake, nikamsikia Mama akipiga vigelegele: "Si niliwaambia? Huyu hata namba yangu ndiye anayenikumbukia!"

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikimwambia Mama aibadilishe, ataona nimemrudishia umama wake. Nikinyamaza, nitakuwa mwizi asiyeiba. Na mume wangu ananinunulia viatu vya ofisini. Wenzangu mlioolewa, nielekezeni: nianzie wapi, kwa uongo wangu au kwa namba yake?

Jana Mama alinipigia mwenyewe. "Mwanangu, nimesahau tena. Ni ngapi vile?"

Kwa mara ya kwanza sikumtajia. Nikamwambia, "Mama, hilo si la kwenye simu. Mwezi huu hauishi kabla sijafika Rukanga."