Mwezi Usio na Kiapo

Kabla ya mwezi ule kuandama, hali ilikuwa hivi. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mzamiaji wa kambakoche wa kutegemewa hapa Kismayo, na alikuwa akivuta bangi kila siku: asubuhi kabla ya kushuka pwani, na alasiri katika ghala bovu nyuma ya soko la samaki, pamoja na wenzake wawili, mmoja fundi wa mashine za boti na mwingine mshonaji wa kanzu. Mwenye boti alikuwa amekwisha kumshusha. Siku moja ilikuwa zamu ya mpwa wangu kukaa juu na kumwangalia mwenzake aliye chini ya maji. Mwenzake akaibukia mbali, akapunga mkono, naye akautazama mkono ule kama mtu atazamavyo ndege. Hakufa mtu. Mwenye boti hakumtukana, alimwambia tu, "Akili yako ikirudi, njoo. Nafasi yako sitampa mtu." Dada yangu alijua sababu, na hakutaka kuambiwa.

Mimi kazi yangu ni kusomesha nahau, fiqhi na mirathi katika baraza ya nyumba yangu. Si tabibu. Lakini katika miaka ya ukimbizi niliishi Mombasa, na huko nikawa mkalimani wa Kisomali kwa wauguzi waliowashughulikia vijana wa aina hii. Niliona kwamba kijana ambaye ukimwambia "acha" hukimbia, ukimwambia "pumzika" huenda akakaa akakusikiliza. Kwa hiyo mpwa wangu aliponijia na kusema anaitaka nafasi yake kwenye boti, sikumwambia aache. Nilimwambia yeye na wenzake wapumzike kutoka mwandamo hadi mwandamo, kisha kila mmoja ajitazame na aamue mwenyewe.

Fundi aliuliza kwa nini tusingoje Ramadhani.

"Ramadhani mnajizuia mchana na kuvuta baada ya futari," nilimjibu. "Na mnajizuia kwa kuwa mji mzima umejizuia. Nataka kila mtu aone hali yake mwenyewe ilivyo."

Sharti nililolikazania kuliko yote lilikuwa kwamba asiape mtu. Anayeapa akateleza anatoka na mizigo miwili, wa bangi na wa kiapo, na wa pili ndio unaomlaza chini. Atakayeteleza aje aniambie, tutazame alikuwa wapi na nani, kisha aendelee na mwezi wake.

"Wallahi, mjomba, hilo jepesi," akasema mpwa wangu.

"Umekwisha kuapa."

"Wallahi sikukusudia."

Mshonaji akacheka mpaka akashika ukuta. "Mchu huyu ataacha bangi kabla hajaacha wallahi," alisema kwa lafudhi yake ya Kibajuni.

Nilijua kwamba siku za mwanzo ndizo ngumu, na kwamba ghala lile lingewaita. Tulihitaji mahali pengine. Rafiki yangu wa tangu chuoni, tuliyesoma kwa ubao mmoja na ambaye sasa anasalisha Ijumaa katika msikiti wa mtaa wetu, alikuwa na nyumba ya marehemu baba yake kisiwani Koyama. Niliwaomba vijana ruhusa ya kumwambia. Mpwa wangu alisita. Nikamdhamini rafiki yangu, naye akakubali kwa ajili yangu. Rafiki yangu alinipa ufunguo na akasema, "Siri yenu iko kifuani mwangu." Nilimweleza pia habari ya viapo na sababu yake. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Koyama hawakulala vizuri. Fundi alitokwa na jasho hadi shuka ikaloa. Mshonaji aliota ndoto zilizomfanya aogope kurudi kitandani, na mpwa wangu, aliye mpole kwa asili, aligombana na wenzake kwa ajili ya sukari ya chai. Niliwaambia mapema kwamba haya yatakuja na yatapita, kwa hiyo yalipokuja hawakudhani wanakufa. Alasiri, saa zile zile za ghala, niliwapeleka kushona nyavu pamoja na watu wa kisiwani, mikono ipate shughuli. Mwishoni mwa juma mpwa wangu alikula samaki wa watu wawili, kisha akauliza kama kuna mwingine.

Tuliporudi Kismayo mpwa wangu hakuipita tena njia ya soko. Mara moja fundi aliteleza. Alikuja barazani kwangu na aibu usoni, tukaona kwamba alikuwa ameachiwa mashine peke yake tangu asubuhi bila chakula, tukapanga awe anakwenda kula kwa mshonaji, mambo yakaisha. Hivi ndivyo mpango ulivyotakiwa kufanya kazi. Mwenye boti alimtazama mpwa wangu machoni, akamuuliza habari za maji na pepo, akaridhika. "Jumamosi tunatoka," akamwambia.

Ijumaa iliyotangulia Jumamosi ile, baada ya sala, rafiki yangu hakuondoka kiblani. Alisimama mbele ya watu akasema kwamba katika safu zetu wamo vijana watatu waliorejea kutoka katika uchafu, na kwamba furaha kama hiyo haifai kufichwa. Akawataja. Akawaita mbele. Msahafu ulikuwa tayari umewekwa juu ya marufaa yake. Nyuma ya pazia la wanawake nilimsikia dada yangu akilia kwa furaha, nikajua kwamba yeye naye alikuwa ameambiwa kabla yangu.

Mpwa wangu aligeuka kunitafuta. Tulitazamana. Nilikuwa nimenyanyuka, na mzee aliyekuwa kando yangu alinivuta kanzu akidhani nataka kupita mbele. Wakaweka mikono juu ya msahafu, mmoja baada ya mwingine, wakaapa kutoigusa bangi maisha yao yote.

Msikiti ulipopungua watu nilimwendea rafiki yangu.

"Nilikuomba nini?" nilimuuliza.

"Uliniomba nyumba, nikakupa."

"Na siri."

"Sheikh wangu, siri ya heri ni ubakhili. Wewe ulitaka waache mwezi mmoja. Mimi nimewapa umri."

"Umewafungia mlango wa kurudi."

"Warudi wapi?" alisema, akacheka, akaniwekea mkono begani. Niliuondoa.

Jumamosi mpwa wangu alizamia, na kila aliyekutana naye pwani alimpongeza kwa kiapo. Jumatatu alivuta. Huko nyuma kuteleza kama kule kungemleta barazani kwangu, tukatafuta sababu na kuimaliza. Sasa hakuja. Mtu aliyekuwa msikitini alimwona akitoka ghalani, na kabla ya mnada wa samaki kwisha walikuwa wanamwita mvunja msahafu. Mwenye boti, mtu yule aliyemvumilia alipokosa akili, alinijia mwenyewe kuniarifu. "Bangi yake niliiweza," alisema. "Lakini aliyevunja msahafu siingii naye baharini. Nina watoto."

Nilimkuta mpwa wangu kwenye boti ya kwenda Ras Kamboni, mfuko wake magotini. Nilimwambia kwamba sheria imekwisha kulifikiria jambo hili, kwamba kiapo kina kafara yake, maskini kumi hulishwa, na ningewalisha pamoja naye siku ile ile.

"Kafara ya Mungu naijua, mjomba. Ulinisomesha mwenyewe. Ya watu ni ipi?"

Nilimwambia kwamba mimi sikusema kwa mtu ila yule mmoja waliyemridhia.

"Tuliyemridhia kwa dhamana yako," alisema. Kisha, kwa sauti ya upole wake wa zamani, "Shuka, mjomba. Wanataka kuondoka."

Nilishuka.

Kutoka Ras Kamboni alivuka hadi Kiunga, na kutoka huko akafika Mombasa, anakopakia mizigo. Huzungumza na mama yake kwa simu, mimi haniulizii. Fundi hakuutimiza mwezi wake. Mshonaji aliutimiza, na hata leo havuti. Rafiki yangu angali anasalisha Ijumaa, nami huswali nyuma yake.